Kiti cha Kabati

Katika miaka yake yote ya kufukuzana na wezi, Inspekta hakuwahi kumwona mwizi aliyeondoka akiwa amepaacha mahali pasafi kuliko alivyopakuta. Alichuchumaa kando ya gari kwa taabu, maana umbo lake halikuumbwa kwa kuchuchumaa, akatazama kitambaa cheupe kilichotandazwa sakafuni. Juu yake zilipangwa bolti za kiti, mstari mmoja ulionyooka, kila bolti imerudishiwa washa yake na nati yake. Zote zilikuwa zimefutwa.

"Kitambaa ni chako?" aliuliza.

"Hapa kwangu hakuna kitambaa cheupe," alijibu mwenye gereji. "Kikiingia cheupe asubuhi, mchana ni cheusi."

Mwenye gereji aliitwa Spana na watu wote, mkewe akiwemo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye haraka hata anapokunywa chai. Asubuhi hiyo alitaka kuita polisi, kisha akakumbuka kwamba dereva wake ana shangazi inspekta aliye likizo, akaona bora aibu ibaki nyumbani. Inspekta alikinusa kitambaa. Kilinukia sabuni. Alizihamishia bolti sakafuni moja moja, vilevile zilivyopangwa, kisha akakikung'uta na kukipachika begani.

"Haya, nieleze."

"Leo nimefungua mapema kwa sababu ya wakaguzi. Naingia, nawasha taa, gari lipo, kiti hakipo. Nikajua ni macho yangu. Nikatoka, nikaingia tena."

"Na kingine kilichopotea?"

"Hakuna. Redio ile pale. Matairi mapya yale pale. Hata chai yangu ya jana ipo kwenye chupa."

"Mlango?"

"Umefunguliwa kwa ufunguo na umefungwa kwa ufunguo. Ufunguo ninao mimi, na Kabati anao wa pili. Basi."

Kabati alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi nyuma yao, uso mikononi. Jina hilo alipewa shuleni kwa sababu ya mabega yake, ambayo yalihitaji milango yote miwili kufunguliwa, na lilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kununua. Alikuwa mtoto wa kaka yake Inspekta. Kwa miaka mingi kila timu ya mbio ilimwambia neno moja: unaendesha vizuri, ndugu, lakini wewe na gari hamtoshani. Spana ndiye wa kwanza kumpa gari la spoti, jekundu, dogo, fupi kama kiatu. Mbio zilikuwa kesho. Wakaguzi wa mashindano walikuwa wanakuja alasiri, na gari lisilo na kiti kilichofungwa sawasawa halipiti. Kabati angekosa kiti, usukani ungekwenda kwa dereva wa akiba, na nafasi nyingine haikuwepo.

"Shikamoo, shangazi," alisema Kabati kwa sauti iliyotoka chini ya matairi.

"Marahaba. Simama, matairi hayo yana kazi nyingine kesho." Inspekta alimgeukia Spana. "Nieleze mlivyokichagua hicho kiti. Polepole."

Spana alionyesha ukutani, palipoegemezwa viti viwili vya mashindano. "Kile chembamba kilikuja na gari lenyewe. Kabati akakaa. Kuingia aliingia."

"Halafu?"

"Kutoka ndiyo ikawa kazi. Niliweka mguu kwenye kiti nikamvuta mikono. Kilimfuata mpaka mlangoni."

"Hakikufika mlangoni," alisema Kabati.

"Kilifika karibu na mlango. Tukaleta kile kipana. Hapo alikaa akatabasamu, nikasema tumepata. Lakini kiti chenyewe kikakataa kuingia garini. Huku mlango, huku lile tuta la katikati penye gia. Labda kama mlango ungebaki nyumbani."

Inspekta alikiendea kile kipana, akajitumbukiza. Mabawa ya kiti yalimpokea begani na kiunoni kwa adabu. Alikaa humo muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji.

"Mkikosa pa kukipeleka hiki," alisema, "sebule yangu ina nafasi. Endelea."

"Cha tatu ndicho kilichoibiwa. Juu kina mabawa mapana ya mabega, chini kimekatwa chembamba, kinaingia garini na kidole kinapita pembeni. Kabati akakaa, akasema kinamkaa sawa, tukakifunga."

"Mlimpima vipi kabla?"

"Kwa tepu ya fundi cherehani. Nilimsimamisha pale ukutani nikampima bega kwa bega, ubavu kwa ubavu."

"Amesimama?"

"Sasa mtu unampima amelala?"

"Kwani anaendesha amesimama?"

Inspekta alitoka kitini kwa kishindo, akaenda kusimama mbele ya mpwa wake.

"Kilikukaa sawa kile kiti?"

"Kilinikaa, shangazi," alisema Kabati, huku akiangalia dari.

Tangu akiwa mtoto, Kabati aliangalia dari kila alipodanganya. Sukari ilipokuwa ikipungua nyumbani kwao, hakuna aliyeijua dari ile kama yeye. Inspekta aliliweka hilo kando.

Mlango wa gereji ulisukumwa, akaingia dereva wa akiba. Alikuwa kijana mwembamba waliyemwita Sindano, na tayari alikuwa amevaa nguo za mashindano kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Mbio ni kesho," alisema Inspekta. "Umevaa leo?"

"Nilikuwa najaribu kama bado zinanitosha."

"Zimekutosha?"

"Zinanipwaya kidogo." Sindano aliangalia nafasi tupu ndani ya gari, akatoa macho. "Kiti kiko wapi?"

"Nilitaka unijibu wewe. Kiti kikikosekana, nani anaendesha?"

"Mimi."

"Na kile chembamba kinamtosha nani?"

"Mimi pia." Sindano alijitenga na kile kiti hatua moja. "Mama, naona unakoelekea, lakini huko sipo."

Inspekta aliokota spana kwenye meza akampa, akamwonyesha bolti moja kati ya zilizobaki kwenye reli ya kile kiti chembamba. "Nifungulie hii."

Sindano aliishika spana kwa vidole viwili. Aliigeuza, akaitazama, akaipeleka kwenye bolti kwa upande wa mkia. Spana mwenyewe, kule nyuma, alifunika macho.

"Hii inazungushwa kwenda wapi?" aliuliza Sindano.

"Umepona," alisema Inspekta, akamnyang'anya. "Huyu hawezi kuiba hata kifuniko cha chupa."

"Nataka kumshinda Kabati kwenye mbio," alisema Sindano, sasa akiwa ameudhika kidogo. "Kuchukua nafasi yake kwa sababu hana pa kukaa, hiyo nitamsimulia nani?"

Kabati alimwangalia, akampiga bega. Sindano alisogea hatua mbili kwa nguvu ya lile pigo.

Inspekta alimpa Spana kazi ileile. Spana aliifungua kwa mizunguko michache, akairusha kwenye kopo la rangi lililojaa wenzake. Ilipiga kelele ikapotea humo.

"Ndivyo unavyofanya siku zote?"

"Zote ni bolti, Inspekta. Zitajuana humo."

"Kabati, na wewe fungua moja."

Kabati alipiga goti. Vidole vyake vinene vilifanya kazi taratibu. Bolti ilipotoka aliipangusa kwa shati lake, akairudishia washa, akairudishia nati, akailaza sakafuni, kichwa kikiangalia ukuta. Kisha akaona watu wote wanaziangalia zile bolti nyingine, nazo vichwa vyake vinaangalia ukuta huohuo.

"Si mimi!" alisema.

"Najua si wewe. Nani alikufundisha kuziweka hivyo?"

"Shangazi, unamjua."

Alimjua. Ndiyo maana hakupenda jibu hilo. Kaka yake, baba yake Kabati, alikuwa dereva wa mbio kabla nyonga na mbavu hazijavunjika, na tangu siku ile aliapa kutokanyaga gereji ya magari ya mashindano. Mwanawe alipojiandikisha msimu huu, mzee alimwambia asimtarajie uwanjani. Mwana akajibu kwamba hamhitaji. Tangu hapo kila neno kati yao lilipita kwa Inspekta. Safari moja, wote watatu wakiwa mezani, kaka yake alimwambia, "Mwambie mwanao anipitishie chumvi," na chumvi ilikuwa mbele ya mwanawe.

Lakini kaka yake hakuwa na ufunguo, na gari alikuwa haendeshi tena kwa sababu ya nyonga. Mikono ilikuwa ya mzee, miguu haikuwa yake.

"Ufunguo wako unalala wapi usiku?" alimuuliza Kabati.

"Kwenye ndoano, nyuma ya mlango wa chumbani."

"Na wewe?"

"Mimi nikitoka mazoezini nalala kama gogo."

"Baki hapa. Simu iwe mkononi."

*

Nyumba ya Kabati ilikuwa mtaa wa pili kutoka barabara kubwa, ndogo, yenye baraza la saruji na kamba ya nguo iliyofungwa kutoka nguzo hadi dirishani. Inspekta alisimama langoni kabla ya kubisha. Kwenye kamba ziliningʼinia nepi za kitambaa, nyeupe, zimebanwa kwa mpangilio, na mahali pamoja vibanio viwili vilikuwa vimeshikilia upepo mtupu. Aliteremsha kitambaa kutoka begani. Kilikuwa ndugu yao wa tumbo moja.

Barazani palikuwa na kiti cha mtoto, kile cha kufunga kwenye gari, kimewekwa kando pamoja na mikanda yake. Gari la mke wa Kabati lilikuwa uani, milango ya nyuma haijafungwa vizuri. Mtu aliyekuwa akihitaji nafasi kubwa nyuma alikuwa amekitoa kiti kidogo ili kingine kikubwa kiingie.

"Hodi humu!"

"Karibu, shangazi! Shikamoo!"

Mke wa Kabati alikuwa anapiga pasi. Mtoto alikuwa sakafuni juu ya mkeka, amenona, mabega ya ukoo tayari yameanza kujitengeneza. Juu ya meza ya pasi zilitandazwa nguo za mashindano za mumewe, na chini yake lilichungulia koti la zamani lenye rangi za timu, limepauka, pana vilevile. Mama mtu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

"Umesikia habari ya kiti?" aliuliza Inspekta.

"Nimesikia, shangazi. Amenipigia. Balaa kubwa." Aligeuza mkono wa ile nguo akanyoosha mkunjo kwa makini.

"Balaa kubwa, na wewe unapiga pasi nguo za mtu asiye na kiti?"

Pasi ilisimama. Kisha ikaendelea, kwa kasi zaidi. "Si vizuri zikae na mikunjo."

Inspekta aliinama kumbusu mtoto, akaona anatafuna kitu. Alimchokoa mdomoni kwa kidole, mtoto akapinga kwa nguvu zote, na kitu kikatoka: kipande cha sponji nyeusi, upande mmoja umekatwa kwa kisu chenye makali. Inspekta alikiweka kwenye meza ya pasi. Pembeni yake akaweka ile nepi.

"Mwanangu," alisema.

"Shangazi, nimeapa."

"Umemwapia nani?"

"Nimeapa nisimtaje niliyemwapia."

Inspekta alijaribu kukaza uso akashindwa. Alimpenda msichana huyu tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani na kuvunja kikombe kizuri kuliko vyote, kisha akacheka yeye kabla ya wenye kikombe. "Basi usimtaje. Chomoa pasi, mchukue mtoto, tumfuate."

"Nilikuwa naenda kumchukua sasa hivi!" Maneno yalimtoka kwa fujo sasa. "Tulipanga kiti kiwe kimerudi kabla Spana hajafungua. Halafu Spana akafungua mapema. Nikimpigia mwenyewe hapokei. Sikujua nifanye nini, shangazi, nikapiga pasi."

Garini alimaliza mengine, mtoto akiwa mapajani mwa Inspekta. Kila siku ya mazoezi alimrekodi mumewe kwa simu, kisha alimpelekea mkwewe. "Anasema hataki kuona. Halafu ananiambia, hebu rudisha nyuma, pale kwenye kona. Rudisha tena. Jana alirudisha mpaka simu ikazima, akaniambia, mwanangu, nipeleke gereji alfajiri, na mumeo asijue. Alianza kukata sponji nikiwa bado kwake, kipande kimoja kikanasa kwenye kanga yangu."

*

Mlango wa kaka yake ulikuwa wazi. Alikuwepo sebuleni. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani, na katikati ya chumba, juu ya magogo mawili, kilisimama kiti cha mashindano, na ndani yake alikaa kaka yake mkubwa, mzee wa mabega mapana, miguu mbele kama yumo garini, kifuniko cha sufuria mikononi badala ya usukani. Sponji nyeusi ilikuwa imetapakaa kila mahali. Kisu cha mkate kilikuwa sakafuni, na simu ilikuwa juu ya meza, mbali na mkono.

"Uko chini ya ulinzi," alisema Inspekta.

"Umechelewa," alisema kaka yake. "Nipo chini ya ulinzi tangu asubuhi. Sitoki."

"Hutaki?"

"Siwezi." Aligeuza uso dirishani. "Nilikaa mara ya mwisho kukijaribu. Nyonga ikakataa. Simu naisikia inaita, siifikii."

Mke wa Kabati alijifunika mdomo kwa nepi. Inspekta alivuta kiti cha kawaida akakaa mbele ya mtuhumiwa, magoti yao yakigusana.

"Eleza."

"Mwanao kila kona ya kushoto anainua kiwiko cha kulia. Mtu hainui kiwiko kwa raha. Gari likikata kushoto, mwili unakwenda kulia, ubavu unakutana na bawa la kiti. Anaumia, anajinyanyua kukwepa, na mtu aliyejinyanyua hajakaa. Ikitokea ajali..." Mbavu zake zilivunjika ndani ya kiti cha kuazima, kilichotengenezwa kwa mtu mwingine kabisa, na Inspekta ndiye aliyekaa naye hospitali. "Walimpima amesimama. Nani anampima mtu wa ukoo huu amesimama? Tukikaa tunashuka na tunapanuka. Mimi, yeye, wewe."

"Mimi niache."

"Wewe zaidi. Gamba la kiti, lile gumu la nje, sijaligusa, gamba halichongwi. Kiti ni hikihiki, Spana hakukosea kuchagua, kukosea alikosea kupima. Nimepunguza sponji ya mbavuni, nikaongeza chini ya mapaja. Na kipimo chake ninacho." Alijigonga kifuani kwa kifuniko cha sufuria.

"Kwa nini hukumwambia tu kwamba kinamuumiza?"

Kaka yake alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ningemwambia kupitia nani? Wewe mpaka jana ulikuwa kazini."

Inspekta alitoka nje ili acheke vizuri, na alipomaliza kucheka akajikuta anafuta macho. Ndipo alipompigia Kabati. Alimwambia aje kwa baba yake kuna mzigo mzito wa kubeba.

Kabati alifika amekimbia. Alisimama mlangoni akaujaza, akaona kiti, akamwona aliyemo. Baba na mwana waliangaliana.

"Mwambie mwanao avue viatu," alisema mzee. "Nilipiga deki jana."

"Mwambie baba sakafu yote ni sponji," alisema Kabati.

"Mimi niko likizo," alisema Inspekta, akakunja mikono. "Leo simfikishii mtu salamu. Semeni wenyewe."

Mtoto alipiga chafya. Kabati akavua viatu.

"Baba, umekwama?"

"Nimekaa tu."

"Umekwama."

"Nimekwama, mwanangu."

Kabati alimwingiza mikono kwapani, akavuta. Mzee akaja pamoja na kiti na gogo moja. Kabati alijiweka sawa, akaweka mguu wake juu ya ukingo wa kiti.

"Ujanja huo umeutoa wapi?" aliuliza baba yake.

"Mimi ndiye niliyekwama mwanzo."

Alivuta tena, kiti kikaachia kwa ghafla, na mzee akaja mzima mzima kifuani mwa mwanawe. Walisimama hivyo, wawili wenye upana wa watu wanne, hakuna aliyekuwa wa kwanza kuachia. Inspekta aliwapenda wote wawili kiasi cha kutamani kuwachapa.

"Haya, kaa," alisema mzee hatimaye. "Kaa nikuone."

Kabati alikaa. Mabawa yalimfunga mabega. Alishika kifuniko cha sufuria.

"Kinanikaa, baba."

"Sijakuuliza hilo. Vuta pumzi mpaka mwisho. Na usiniangalie dari."

Kabati aliishusha shingo, akamwangalia baba yake. Akavuta. Kifua kilipanda, kikapanda, kikagusa bawa la kulia, na kwa mara ya kwanza katika msimu mzima akasema ukweli. "Hapa. Kidogo tu. Kabla hujakikata kilikuwa kinaniuma sana, baba. Niliogopa. Nikisema, wataniambia gari si langu."

"Gari ni lako," alisema mzee, akaokota kisu cha mkate. "Inua mkono."

*

Wakaguzi walipofika alasiri walimkuta mzee amelala ubavu ndani ya gari, miguu nje, anakaza bolti ya mwisho. Spana alisimama nyuma yake akiwa ameshika bakuli la washa kwa heshima. Lile kopo la rangi lilikuwa limefichwa chini ya meza.

"Huyu ndiye mwizi?" Spana alimnong'oneza Inspekta.

"Mwizi ni tepu yako," alisema Inspekta. "Mpime mtu jinsi atakavyokaa."

Mkaguzi mkuu alikishika kiti kwa mikono miwili akakitikisa. Kiti hakikutikisika peke yake, gari zima lilitikisika nacho. Alimwambia Kabati akae, akamfunga mikanda, akasukuma bega, akasukuma ubavu, akamwambia avute pumzi. Kabati alivuta, hewa ikaingia yote. Mkaguzi akabandika karatasi ya kijani kwenye kioo, na Sindano akawa wa kwanza kupiga makofi, ingawa zipu ya nguo zake ilikuwa imeshushwa nusu.

Mke wa Kabati alikuwa amerudisha kiti cha mtoto mahali pake. Sasa alitoka garini kwake amebeba lile koti la zamani lililopauka, limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Alimpelekea mkwewe.

Inspekta aliliona, akajipiga paji la uso. Asubuhi yote alidhani ni la Kabati. Kitu kimoja katika kesi nzima, na hicho ndicho kilichompita.

"Nani amesema mimi kesho nakwenda uwanjani?" aliuliza mzee.

Hata hivyo alilichukua koti, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Alilivuta mbele, akapambana na kifungo cha juu mpaka kikaingia, na akasimama wima kabisa mbele yao wote.

"Linanikaa," alisema, huku akiangalia dari.

"Vuta pumzi, baba," alisema Kabati.

Mzee akavuta. Kifungo kiliruka, kikagonga mlango wa gari, kikaviringika chini yake. Kabati alilala kifudifudi sakafuni na mabega yake yote, akakitafuta kwa mkono mpaka akakipata, akakipangusa, akakiweka juu ya ile nepi nyeupe, iliyokuwa imetandazwa tena kando ya gari.